Kwa nini mtungi uliopoza maji Voi hauyapozi Mombasa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nimezaliwa Voi, nikaolewa Mombasa, twakaa Mikindani. Nyanya alinipa mtungi wake wa udongo, ule ule tuliokuwa tukinywea nyumbani, maji baridi mpaka meno yanauma. Huku maji ya mtungi huo ni ya uvuguvugu tu. Jirani asema umeziba. Mume wangu asema ni maji ya Mombasa, yana chumvi. La pili: simu yaniambia nje ni digrii 31, halafu chini yake imeandika kwamba yahisiwa kama 38. Nishike ipi? La tatu: nimeona madukani feni za kutiwa maji na barafu, bei yake ni ndogo kuliko AC. Ninunue?"

Marahaba, dada. Umeuliza mambo matatu lakini jibu lake ni la namna moja: maji yakikauka huondoka na joto, na mvuke ukirudi kuwa maji huja na joto lake lote. Mimi kazi yangu ni mitambo ya baridi, vyumba vya samaki na AC za maofisini, na malalamiko mengi ninayoletewa hapa Mombasa huishia hapo hapo. Mtungi wa nyanya hauna kosa. Kosa, kama ni kosa, ni la hewa ya mjini kwetu, ambayo tayari imebeba maji mengi mno.

Nianze na mtungi wenyewe, na ieleweke ni mtungi wa udongo, si dumu la lita 20 ambalo wauza maji wa mikokoteni nao huliita mtungi. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi wala vanishi una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo polepole hadi ngozi ya nje, na huko nje hukauka. Kukauka maana yake ni chembe za maji kubanduka na kuruka hewani zikawa mvuke, na chembe haibanduki bure, lazima ipate joto la kuibandua. Joto hilo hulichota kwenye udongo na kwenye maji yaliyobaki ndani. Zinazotangulia kutoka ni zile chembe zenye kasi zaidi, yaani zenye joto zaidi. Zinazobaki ni za polepole, na maji yenye chembe za polepole ndiyo maji ya baridi.

Joto linalochotwa si dogo. Kupasha lita moja ya maji kutoka digrii 27 hadi ichemke kwahitaji kama kilojuli 300. Kuigeuza lita hiyo hiyo iwe mvuke kwa kukauka tu, bila moto wowote, kwahitaji kama 2,400, yaani mara nane. Kwa hesabu ya karatasi, robo lita tu ikikauka juu ya ngozi ya mtungi yatosha kuteremsha lita 15 zilizo ndani kwa digrii tisa hivi. Nasema ya karatasi kwa sababu hewa yenye joto nayo huurudishia mtungi joto kila dakika, na ukiufunua kila mara kuchota, mambo hubadilika tena.

Upande wa pili wa jambo hili ndio unaosahaulika. Chembe zatoka mtungini, sawa, lakini zilizo hewani nazo hugonga ngozi ya mtungi na nyingine hunasa pale pale. Kila inayonasa hurudisha joto lile lile ambalo mwenzake aliondoka nalo. Kwa hivyo mtungi hupoa kwa tofauti kati ya zinazotoka na zinazorudi. Hewa ikiwa kavu, zinazorudi ni chache na mtungi unapata faida kubwa. Hewa ikijaa mvuke, zinakaribiana, na faida yapungua mpaka karibu iishe.

Chukua alasiri ya Mombasa ya digrii 31 na unyevu wa asilimia 70, yaani hewa imebeba sehemu 70 katika kila 100 za mvuke unaoweza kukaa ndani yake kwa joto hilo. Mwezi wa tatu hali hiyo si ajabu. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu kama 22 za maji. Chumba cha kulala cha mita tatu kwa nne, dari la mita tatu, kina karibu gramu 800 za mvuke zinazoelea humo bila kuonekana. Sasa chukua alasiri kavu ya kule bara, upande wa Voi, digrii 33 na unyevu wa asilimia 35. Joto limezidi letu, lakini mita ile ile ina gramu 12 au 13 tu. Mtungi hauangalii sana hewa ina joto kiasi gani. Huangalia hewa hiyo bado ina njaa ya maji kiasi gani.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi huu, na waweza kukifanya nyumbani. Tafuta vipimajoto viwili vya kawaida vya ukutani au vya kioo. Kimoja kiache kikavu. Kingine kizungushie kitambaa cha pamba kilicholowa, pale kwenye ncha yake ya kupimia, kisha vipepee vyote viwili kwa dakika kadhaa. Vituo vya hali ya hewa hutumia jozi kama hiyo, huiweka ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ili jua lisiiguse. Kile chenye kitambaa kitashuka, kisha kitagoma mahali fulani. Mahali hapo ndipo sakafu: hakuna mtungi, hata ufinyangwe na mfinyanzi hodari namna gani, utakaoteremsha maji chini ya hapo. Kwa ile alasiri yetu ya digrii 31 na unyevu 70, sakafu iko kwenye 26 na nusu hivi. Kwa ile ya bara, digrii 33 na unyevu 35, iko karibu na 22. Mtungi mmoja, nyanya mmoja, na tofauti ya zaidi ya digrii nne mdomoni. Na mdomo wako siku hizi umezoea friji, kwa hivyo maji ya 26 huyaona ya kuogea.

Mume wako mwambie, kwa adabu, kwamba maji ya bomba la Mzima hutoka chemchemi za Tsavo na bomba lenyewe hupitia Voi likija Mombasa. Kama nyumba yenu Mikindani yapata maji ya bomba hilo, basi huenda mnakunywa maji yale yale mliyokuwa mkinywa kwa nyanya. Ana haki kidogo ikiwa mnajaza kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Mombasa vina maji magumu yenye chumvi, na chumvi haikauki pamoja na maji, hubaki kwenye vitundu. Ukiona ngozi ya mtungi imefanya unga mweupe, hapo jirani naye ameshinda: umeanza kuziba. Usugue kwa kumbi la nazi na maji matupu. Sabuni usitie, udongo huinywa na utaionja wiki nzima. Kisha uloweke usiku kucha kwa maji ya bomba, umwage, ujaze upya.

Na mahali pa kuuweka ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wengi huuweka pembeni mwa jikoni, kwenye kona, karibu na jiko la makaa. Hapo hewa imesimama, na ule mvuke uliotoka mtungini hubaki umeuzunguka, ukawa umejitilia unyevu wenyewe. Uweke kwenye kivuli, kwenye njia ya upepo kati ya dirisha na mlango, juu ya kigoda chenye miguu ili hewa ipite hata chini. Huwezi kuvunja sakafu, lakini utaikaribia, na usiku wa kusi, mwezi wa saba, sakafu yenyewe hushuka. Maji yatakuwa mazuri. Ya kuuma meno, hapana.

Sasa simu yako. Mwili wa mtu aliyekaa tu, hafanyi kazi, hutoa joto kama la taa ya zamani ya wati 100. Joto hilo lazima litoke, la sivyo utapikika taratibu. Hewa ikiwa ya digrii 20, hutoka lenyewe kupitia ngozi bila wewe kujua. Hewa ikifika 31, ngozi ikiwa 35 hivi, tofauti ni ndogo na njia hiyo huwa nyembamba, kwa hivyo mwili hutegemea jasho. Kuondoa wati 100 kwa jasho peke yake kwahitaji gramu 150 kwa saa, chini kidogo ya kikombe cha chai. Lakini sharti zikauke. Jasho linalodondoka kidevuni na kulowesha kanzu limekupotezea maji na chumvi bila kukupoza chochote. Ukimwona mtu Mombasa ametota na bado analalama hari, na mwenzake wa Voi ana ngozi kavu akasema hatoki jasho, wa Voi atoka jasho vile vile, ila lake lakauka kabla hajaliona.

Nambari ile ya 38 ndiyo jaribio la kuhesabu hayo. Mtafiti Robert Steadman alichapisha mwaka 1979 hesabu za jinsi mtu anavyohisi joto pamoja na unyevu, na majedwali kadhaa ya hali ya hewa yaliyofuata yamejengwa juu yake. Kwa jedwali linalotumika Marekani, digrii 31 na unyevu wa asilimia 40 huhisiwa kama 31 hiyo hiyo. Pandisha unyevu hadi 70 bila kugusa kipimajoto, na yahisiwa kama 38. Nambari zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina kazi yake. Maziwa, dawa za kabatini na siagi vifuate 31, kwa sababu havitoki jasho. Mwili wako ufuate 38. Na ujue hesabu ile yamdhania mtu aliye kivulini mwenye upepo kidogo. Mama anayeuza mboga Kongowea saa saba mchana bila mwavuli yuko juu zaidi ya hapo, wala simu haimjui.

Hili si la kuchezea. Kile kipimajoto chenye kitambaa kikifika 35, hata kijana mwenye afya, aliyekaa kivulini na maji ya kunywa mkononi, hawezi tena kutoa joto la mwili wake, na ni suala la saa chache. Sisi tuko mbali na hapo, na Mungu atuweke mbali, lakini mtu anayebeba magunia bandarini huanza kupata taabu mapema sana kabla ya nambari hiyo, kwa sababu mwili unaofanya kazi nzito hutoa joto mara kadhaa ya ule uliokaa.

Kidogo kuhusu kahawa tungu, kwa sababu najua utaulizwa na wazee wa mtaani. Husemwa kwamba kinywaji cha moto hupoza mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa walilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2012, na wakakuta kwamba kuna ukweli: cha moto huamsha jasho zaidi ya joto linaloingia nacho, ila faida hupatikana tu pale jasho linapoweza kukauka lote. Kwa hivyo kikombe cha kahawa kilichompoza mtu Voi kitamtosa jasho tu kwenye kibaraza kisicho na upepo huku kwetu. Watu wataendelea kunywa, na mimi nikiwamo, kwa sababu kahawa na kashata haikuwa dawa ya joto tangu mwanzo.

Feni, au panka kama wazee wetu wasemavyo, haipozi hewa hata kidogo. Ya dari hula wati 60 hadi 75 za umeme, na umeme huo wote huishia kuwa joto humo humo chumbani. Ukiiacha inazunguka chumba kitupu "kipoe kabla hujarudi," umelipa pesa kukitia joto. Kazi yake iko kwenye ngozi. Jasho linapokauka, hujitengenezea tandiko jembamba la hewa iliyojaa mvuke, likalala juu ya ngozi na kuzuia lililobaki. Upepo hulibandua tandiko hilo na kuleta hewa nyingine, ambayo hata kama ni ya asilimia 70, ni bora kuliko ya asilimia 100. Ndiyo maana Mombasa upepo una thamani kuliko kivuli, na waliojenga Mji wa Kale walilijua hilo: dari za juu, madirisha yanayotazamana, roshani za mbao zilizotobolewa, vichochoro vyembamba vinavyobaki na kivuli mchana kutwa. Kuta nene za matumbawe na chokaa huchelewesha jua lisipite. Ni mchana tu zinapokusaidia lakini. Usiku hutoa joto zililolinywa, na aliyelala ndani madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu hulipa.

Na usiku wenyewe? Mwezi wa tatu, maleleji, kaskazi imechoka na kusi haijashika, mtu hugeuka kitandani mpaka alfajiri akisubiri baridi isiyokuja. Hewa yenye mvuke mwingi huzuia joto la ardhi lisipotee angani upesi, na bahari ya jirani, yenye joto lake la digrii 28 au 29 msimu huo, haipoi kwa sababu ya usiku mmoja. Kuna na jambo la tatu. Hewa ikishuka hadi kama digrii 24 hapa kwetu, mvuke uliomo huanza kugeuka umande, na umande ukijitengeneza hutoa lile joto lililochukuliwa maji yalipokauka. Joto hilo hushika breki. Ndiyo maana usiku wa msimu huo huteremka mpaka hapo halafu husimama.

Umande huo unaujua, ila mchana unauona mahali pengine. Toa soda kwenye friji, iweke mezani, dakika mbili imetota. Kuna watu wazima wanaoamini kwamba maji yamepenya chupa. Lamba yale matone: hayana sukari. Yametoka hewani, yamekutana na kioo kilicho chini ya digrii 24, yakaanguka. Huo ni mtungi uliopinduliwa, kwani kila tone linalojishika hapo limeleta joto. Gramu tano tu za umande zina joto la kutosha kupandisha soda ya mililita 300 kwa karibu digrii 10, lingeingia lote ndani. Dale Durran na Dargan Frierson wa Chuo Kikuu cha Washington walilipima jambo hili kwa makopo ya kinywaji wakalichapisha mwaka 2013, na unyevu wa hewa ukaonekana kuwa na mkono mkubwa katika kupasha kinywaji. Kwa hivyo soda yako Mombasa huharibika upesi kuliko Voi hata kipimajoto kikisoma sawa, na dawa yake ni kuifunga kitambaa kikavu kinene ili hewa isiguse kioo. Jambo lilo hilo huwapata wenye miwani wanaoshuka treni Miritini kutoka Nairobi: wametoka behewa lenye AC, vioo viko baridi, mlango ukifunguliwa tu, dunia yote nyeupe.

Hukuniuliza chumvi, lakini kwa kuwa umetoka bara najua umeshaikuta imekuwa jiwe kabatini. Chumvi safi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukipita asilimia 75. Chumvi ya bahari ina chembechembe za magnesi, na hizo huanza mapema zaidi, asilimia 33 hivi. Usiku Mombasa tunapita 75 karibu kila siku, chumvi ikalowa kidogo. Mchana unyevu unashuka, ikakauka, na punje zikashikana. Ikirudiwa hivyo siku baada ya siku, ndilo jiwe hilo. Punje za mchele ndani ya kichupa husaidia, ila uukaange kwanza bila mafuta na uupoze, maana mchele wa dukani nao umeshakunywa unyevu wake. Kachri za muhogo, biskuti na mikoba ya ngozi inayofanya ukungu ni hadithi hiyo hiyo. Chombo chenye kifuniko cha kubana, basi.

Tufike kwenye pesa. AC watu huifikiria kuwa mashine ya baridi, lakini ya kwanza haikutengenezwa kwa ajili ya baridi. Mwaka 1902 mhandisi kijana, Willis Carrier, aliletewa shida ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, New York. Kiangazi karatasi zilikuwa zikivuta unyevu na kutanuka, rangi moja ikichapwa leo na nyingine kesho, picha haiangukiani. Akapitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili mvuke utone, hewa itoke kavu. Kupoa kulikuja pamoja na kukauka. Yale maji yanayokudondokea kichwani ukipita Moi Avenue ni mvuke uliokuwa ndani ya ofisi za juu, pamoja na pumzi na jasho la waliomo.

Kwa hivyo ukija kununua AC siku moja, usikubali fundi anayekuuzia kubwa kuliko chumba "ili ipoze haraka." Hapa Mombasa hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Mashine kubwa hufikisha digrii ulizoiagiza kwa dakika chache, ikazima kabla haijatoa maji ya kutosha, na chumba kikabaki baridi yenye unyevunyevu, shuka kama zimefuliwa jana. Ndogo inayofanya kazi muda mrefu hukausha vizuri zaidi. Wala huna haja ya 16. Iweke 25 na feni ya dari ikizunguka polepole. Na kwenye rimoti nyingi kuna alama ya tone la maji ambayo watu hawaigusi kamwe. Hiyo huipa mashine kazi ya kukausha kwanza. Usiku wa mvua za masika, ijaribu.

Feni ya maji ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni mtungi wenye injini: hupuliza hewa kupitia sponji lililolowa, maji yakakauka, hewa ikatoka imepoa na imebeba mvuke zaidi. Mahali pakavu ni mashine nzuri mno, na sisemi kwa kejeli. Delhi mwezi wa tano, kabla ya mvua, nyumba nyingi zimeponea hapo, na zamani walitundika madirishani mikeka ya mizizi iliyoloweshwa kwa kazi hiyo hiyo. Mumbai, ambayo iko baharini kama sisi, haiwafai. Nyanya akiitaka kule Voi, mnunulie. Wewe Mikindani utaiwasha, nusu saa ya kwanza utaniona mimi mwongo, maana upepo wake ni mtamu. Halafu chumba kitajaa mvuke ulioununua mwenyewe, na jasho litagoma kukauka. Ukifungua madirisha yote mvuke utatoka, ila hapo feni ya kawaida ingekufanyia karibu kazi ile ile bila kukudai ndoo ya maji. Barafu wanayokuambia utie hupoza kweli inapoyeyuka, lakini kilo moja ikiyeyuka huchukua joto kama kilojuli 330 tu, na watu wawili waliolala chumbani hulirejesha kwa chini ya saa moja.

Muuzaji akikukazia, mwombe aiwashe dukani kwenye chumba kilichofungwa mlango na madirisha, ukae nayo nusu saa, na uende na vile vipimajoto viwili. Kile kikavu kitashuka digrii mbili tatu na atakuonyesha kwa furaha. Wewe mwonyeshe kile chenye kitambaa, ambacho hakitakuwa kimeshuka.